Wimbo wa Mkeka Haukatwi

Kila siku akitoka shule, kabla hajavua sare wala hajauliza kilichopikwa, Mbishi alikuwa na kazi moja ya lazima: kulowesha ukindu. Majani hayo ya mkindu yalikuwa yamekwisha anikwa na kuchanwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane, nazo zilikaa kwenye karai nyuma ya mlango wa chumba cha bibi yake. Mbishi alizinyunyizia maji, akazigeuza, akazifunika kwa gunia bichi, kisha akasubiri nusu saa mpaka zilainike. Chane kavu hukatika mkononi, na Bibi hakuwa na huruma kwa mtu anayeharibu ukindu.

Mbishi halikuwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Bibi ndiye aliyempa, siku mtoto huyo wa miaka minne alipokataa katakata kwamba mwezi uko mmoja tu, akataka aonyeshwe ule mwingine. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda kama gamu. Hata mama yake alimwita hivyo. Mama alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilinguruma kutwa nzima kwenye chumba cha mbele.

Bibi alikaa chumba cha nyuma, karibu na dirisha, miguu kainyoosha. Kutoka mikononi mwake ulitoka ukili, yaani ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ambao baadaye hushonwa kuzungukazunguka mpaka uwe mkeka. Majirani wengi siku hizi walinunua mikeka ya plastiki, myepesi, ya kufuta kwa kitambaa. Bibi aliiita "mifuko iliyonyooshwa" na hakutaka hata kuikanyaga.

Jumanne hiyo Mbishi alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza Bibi alimruhusu kusuka jicho, lile pambo jekundu linaloanza na ncha, likapanuka, kisha likajifunga tena. Katika mtaa wao wote aliyebaki anayejua kulisuka alikuwa Bibi peke yake. Mbishi akachukua chane nne nyekundu na nyingine nyeupe, akaanza kuimba ule wimbo wa kusukia huku vidole vikifuata:

*Moja pita, mbili lala,*
*tatu inama mlangoni.*
*Mgeni yuko njiani: ngoja!*
*Nne rudi nyumbani.*

Akaimba tena, na tena, na tena. Alipotazama chini, hakuona jicho lolote. Wekundu ulikuwa umejikunja katikati ya ukili kama kope za mtu aliyelala.

"Unaimba nini wewe?" Bibi akauliza.

"Wimbo wako, Bibi. Ndivyo tunavyouimba shule."

"Huo si wangu. Ngoja zangu ziko wapi?"

Bibi akaweka kazi yake chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Wimbo ule una mizunguko saba," akasema. "Mzunguko wa kwanza ngoja moja. Wa pili ngoja mbili, wa tatu tatu, wa nne nne. Halafu unarudi: tatu, mbili, moja. Kila ukisema 'ngoja', chane nyekundu inatulia mahali pake, nyeupe moja inapita. Ndivyo jicho linavyofunguka na kufunga. Sasa wewe umeimba ngoja moja, moja, moja, kama saa ya ukutani. Nani kaukata wimbo wangu?"

"Mwalimu," Mbishi akajibu upesi, macho yakiwa kwenye ukili.

Bibi akaegemea ukuta, akainuka, akaanza kutafuta ndala zake chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Shule. Mwalimu wako nitamkuta bado yuko."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mbishi hakufikiri ingekuwa fupi kiasi hicho, kutoka kitandani hadi mlangoni tu. Mwalimu wa muziki alikuwa na karatasi yenye maneno ya wimbo, na mwandiko wa karatasi ile ulikuwa wa Mbishi.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, Mwalimu aliwaambia wanafunzi wakusanye nyimbo za kazi kutoka kwa wazee wao. Mbishi aliagizwa akae na Bibi, ausikilize wimbo wote na kuuandika. Lakini alasiri ile wenzake walikuwa wanaruka kamba uani na walikuwa wanamwita. Akaandika mzunguko wa kwanza, akaona mingine inafanana, akaweka nukta, akatoka mbio. Mwalimu alipomuuliza, "Bibi yako amesomewa haya? Amekubali?" yeye akajibu kwa uso mkavu kabisa, "Amekubali, Mwalimu. Mengine ni kurudiarudia tu."

Na wimbo huo ndio uliochaguliwa uimbwe na kuchezwa na kundi la watoto thelathini. Ijumaa afisa utamaduni wa mkoa angekuja na mashine ya kurekodi, na wimbo atakaourekodi ungepelekwa shule zote za mkoa ufundishwe.

"Bibi," Mbishi akasema. "Usiende. Si Mwalimu. Ni mimi." Akaeleza yote, mpaka ile kamba. Chumba cha mbele cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa anasikiliza.

Bibi alikaa chini polepole. Hakupiga kelele, na Mbishi aliona heri angepigiwa kelele.

"Kumbe mkasi ulikuwa humu humu ndani," Bibi akasema. "Tulikuwa wanawake tisa, mjukuu wangu. Tukisuka pamoja, tukiimba pamoja, mkeka ukiisha tunaucheza huo wimbo. Wanane wamekwenda. Wimbo huo ukiingia kwenye mashine hivyo ulivyouandika, watoto wa mkoa mzima watafundishwa jicho lililofumba. Na mimi nikiondoka, nani atawaambia kwamba lilikuwa linafunguka?"

Mbishi alilia, tena si kidogo. Bibi akamwacha alie, kisha akamrushia ncha ya kanga yake afute kamasi.

"Ulilikoroga, sasa ulinywe. Utafanya nini?"

"Kesho nitamwambia Mwalimu ukweli."

"Na akisema muda umekwisha?"

"Nitambishia."

Bibi alijizuia asicheke, akashindwa. "Kubisha unajua. Kusuka ndiko hujui. Fumua huo uchafu, uanze upya."

Wakakaa mpaka saa ya chakula cha jioni. Chane zilimkata Mbishi kwenye kidole cha shahada na cha gumba. Kila alipokosea Bibi alisema "fumua", na alikosea mara nyingi hata neno lenyewe likaanza kumlia masikioni. Huku akisuka akauliza, "Huyo mgeni ni nani, Bibi?"

"Ni mtoto wa msusi. Kaenda mbali kutafuta kazi. Mama yake anamsukia mkeka wa kumpokelea. Majirani kila siku wanamwambia, malizia basi, mtoto mwenyewe haji. Yeye anaongeza ngoja. Kila mwezi jicho linapanuka. Mpaka siku moja anasikia mtoto yuko njiani anarudi, ndipo anaanza kulifunga. Ngoja tatu, yuko mto wa pili. Ngoja mbili, yuko sokoni. Ngoja moja, yuko mlangoni." Bibi akavuta chane moja ikaze. "Yule mama alikuwa mbishi kuliko wewe."

Jumatano, kabla ya kengele ya kwanza, Mbishi alimfuata Mwalimu wa muziki ofisini, akamwamkia, akaungama. Hakutafuta kisingizio. Mwalimu alikuwa mwanamke mnyoofu, mwenye haraka, ambaye penseli haikutoka sikioni. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Umenidanganya mimi na umemsingizia bibi yako," akasema. "Utafagia ukumbi wiki nzima."

"Ndiyo, Mwalimu. Na wimbo?"

"Wimbo utabaki ulivyo. Ukiimbwa mizunguko hiyo yote saba utachukua dakika tisa, na fomu ya afisa inasema tano. Watoto thelathini wamekwisha shika maneno. Zimebaki siku mbili. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Lakini ukili ukikosewa hufumuliwa, Mwalimu."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Nani atajua tofauti?"

"Mkeka utajua," Mbishi akasema. "Na mimi nitajua. Siwezi kuuimba hivyo tena."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, Mwalimu. Samahani, lakini sitaki."

Hapo uso wa Mwalimu ulibadilika. Kuadhibiwa Mbishi alikubali, lakini kuimba alikataa, na hilo ni jambo gumu kwa mwalimu yeyote mwenye siku mbili mkononi. Akamwambia basi asimame nje ya kundi, na kwamba wakati wa mazoezi asisikike.

Habari hazikukawia. Kijana mwimbishaji wa kundi, ambaye kwa ukubwa wa sauti yake waliita Spika, alimkuta kwenye bomba la maji. "Eti umejitoa kwa sababu ya 'ngoja'?" akasema. "Mbishi, neno hilo hata mimi huambiwa na mama nikiomba hela. Halina thamani hiyo." Wote wakacheka. Mbishi alisuuza mikono yake yenye michubuko, ikamwuma, akawajibu kwamba wacheke tu, ila wasimwite wakianguka.

Hakujua kwamba alikuwa amesema la kweli.

Alhamisi mchana madawati ya darasa la sita yalisukumwa ukutani, mazoezi ya mwisho yakaanza. Mbishi alikaa kwenye kizingiti, nje kama alivyoamriwa, akisuka kimyakimya chane alizokuja nazo zimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Ndani, wachezaji walijipanga mistari miwili, wenye vitambaa vyekundu na wenye vitambaa vyeupe. Walitakiwa kupishana, wa huku waende kule, wa kule waje huku. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Mzunguko wa pili, kama kila siku, wekundu wakawavaa weupe, Spika akamkanyaga msichana wa mbele, na watoto wanne wakaenda chini.

"Spika, miguu yako!" Mwalimu akafoka.

"Mwalimu, miguu yangu imefanya nini? Wao ndio wananijia!"

Mbishi alitazama waliokuwa chini, akatazama ukili mkononi mwake. Nyekundu, nyeupe. Akasimama hata kabla hajakumbuka kwamba alikatazwa kusikika.

"Si miguu yake!" akapaza sauti. "Wanagongana kwa sababu wekundu hawangoji!"

"Nilikwambia nini wewe?"

"Uliniambia nisisikike, Mwalimu. Lakini mzunguko wa pili mbele ya wekundu kuna weupe wawili wa kupita, na wekundu wanaondoka akipita mmoja. Watagongana hata ukiwakata miguu wote. Nipe mzunguko mmoja tu. Nikikosea, nitafagia ukumbi mpaka nimalize shule."

Mwalimu alichomoa penseli sikioni, akairudisha. Tangu mwanzo wa mazoezi mgongano ule ulikuwa umemkosesha usingizi. Alikuwa amebadilisha mpangilio mara tano na kuwalaumu watoto sita tofauti. "Mzunguko mmoja," akasema.

Mbishi aliimbisha. Alipofika kwa mgeni, aliwaitia wekundu "ngoja", wakasimama, mweupe akapita. Akaita "ngoja" ya pili, wakabaki wamesimama, mweupe mwingine akapita. "Nne rudi nyumbani!" Wakaondoka. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Spika alitazama miguu yake kana kwamba ameiazima.

Hakuna aliyemsimamisha. Akaenda wa tatu, akaenda wa nne, na wekundu walipokuwa wamesubiri ngoja nne kamili, katikati ya darasa palikuwa pamefunguka uwazi mpana, wenye ncha huku na ncha kule, na watoto wote wakauona kwa pamoja.

"Jicho!" mmoja akapiga ukelele. "Tumekuwa jicho!"

Mwalimu akaja mpaka alipo Mbishi, akamwinamia. "Kosa la kwanza lilikuwa lako," akasema. "La pili ni langu. Uliniambia ukweli, nami nikatazama saa. Haya, tufundishe yote saba."

"Na afisa na dakika zake tano?" Spika akauliza.

"Afisa ana masikio," Mwalimu akajibu. "Panga mistari."

Ijumaa saa nne ukumbi ulikuwa umejaa, sakafu imefagiwa na Mbishi mwenyewe. Afisa utamaduni alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, saa kubwa mkononi. Mashine yake aliiweka mezani juu ya kitambaa kama mgonjwa. Bibi alikuwa ameletewa kiti cha mbele. Akashukuru, akakisogeza kando, akakaa kwenye mkeka aliokuja nao.

Wimbo ukaanza. Mbishi, aliyerudishwa kundini, aliitikia kwa nguvu zote. Mzunguko wa tatu ukapita. Walipoingia wa nne afisa akainua kidole. Mwalimu alikiona vizuri sana, akageuka akampa mgongo, akaendelea kupiga makofi. Afisa akangoja kidogo, akakohoa, kisha akabonyeza. Taa nyekundu ya mashine ikazimika.

"Mmeimba vizuri sana," akasema. "Lakini dakika tano zimekwisha. Msijali, tutarekebisha. Nusu ya pili, naona kwenye karatasi ya Mwalimu, mnarudi mlikotoka tu: tatu, mbili, moja. Hakuna jipya. Tunachukua nusu ya kwanza, inatosha." Akamgeukia Bibi, akampa karatasi na kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu. "Bibi, wewe ndiye mwenye wimbo. Tia sahihi hapa, tuuhifadhi."

Bibi aliishika karatasi mbali na macho, akaisoma taratibu. Kisha akairudisha.

"Sitii," akasema.

"Bibi, bila sahihi siwezi kuuchukua. Shule itakosa."

"Basi ikose."

Minong'ono ikatambaa ukumbini. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amekwisha waalika wazazi nusu ya mtaa, alifuta jasho. Afisa akaona njia nyingine. Akamwita Mbishi pembeni kidogo, lakini si pembeni ya kutosha kwa watu kutosikia. "Wewe ndiye mjukuu? Msaidie bibi yako aelewe. Hii ni bahati. Wimbo wenu utasikika kila mahali."

Mbishi alimwona Mwalimu mkuu akimkazia macho, akawaona wenzake thelathini waliotoa jasho zaidi ya wiki mbili. Hakika angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikwisha ukata wimbo ule mara moja, na alijua ladha yake.

"Bibi anaelewa," akasema. "Wewe ndiye hujaelewa, shikamoo."

Mtu fulani nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mbishi alikuwa ameiweka ile shikamoo ili asionekane hana adabu, ikatoka mahali pasipo pake.

"Nikuonyeshe," akaendelea kabla ujasiri haujamwishia. Akaketi sakafuni, akafungua kitambaa kibichi, akatoa chane. "Wenzangu waimbe ule wa kwako, nusu ya kwanza tu. Mimi nitasuka kama unavyosema. Ukili ukitoka vizuri, Bibi atatia sahihi."

Akamtazama Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Spika akaimbisha. Vidole vya Mbishi vilifuata neno kwa neno. Jicho likafunguka: ngoja moja, mbili, tatu, nne. Watu wa mbele waliinama kuona. Kisha kundi likanyamaza, kwa sababu wimbo wa afisa ulikuwa umeishia hapo. Mbishi naye akaachia. Chane nyekundu, zilizokuwa zimetawanyika hadi kingo zote mbili bila mahali pa kurudi, zikaanza kuchomoka moja baada ya nyingine, na ukili ukapinda, ukafumuka mbele ya macho yao.

Mbishi akainuka, akampelekea mkononi.

"Huu ndio wimbo wako," akamwambia. "Mgeni umemwacha njiani. Mama yake amengoja miezi yote, na wewe umezima mashine kabla mtoto hajafika nyumbani."

Afisa aliushika ukili ule. Akajaribu kuzirudisha chane kwa vidole vyake, zikamponyoka. Akajaribu tena. Ukumbi mzima ulimtazama anavyohangaika, hadi kola ya shati ikalegea.

"Zinarudi wapi hizi?" akauliza hatimaye. Swali lilikuwa la kweli.

"Kwenye ngoja tatu," watoto thelathini wakamjibu, "na mbili, na moja!"

Akacheka, akajifuta paji la uso. Akaichukua fomu yake, akapiga mstari juu ya "dakika tano", akaandika tisa, akatia herufi za jina lake pembeni. "Wakubwa wangu wakiuliza," akasema, "nitawapelekea huu ukili wausuke wenyewe." Kisha akamwinamia Bibi. "Tuanze upya, Bibi. Safari hii uimbishe wewe."

"Sauti yangu imechoka," Bibi akasema. Akamnyooshea Mbishi kidole. "Anzisha wewe."

Mbishi alikuwa hajawahi kuimbisha mbele ya watu wazima. Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba, ya pili ikakaa sawa. Mistari ikapishana. Jicho likafunguka sakafuni, likakaa wazi, na afisa mkono wake ulikuwa magotini, haukugusa mashine. Ngoja tatu. Ngoja mbili. Walipofika ngoja ya mwisho wazazi nao waliiitikia, wakubwa kwa wadogo, na mwekundu wa mwisho akarudi nyumbani.

Bibi alitia sahihi. Halafu akagonga sakafu kwa kiganja mpaka vigelegele vikatulia.

"Msimsifu huyu kupita kiasi," akasema, akimvuta Mbishi akae karibu naye. "Wimbo huu alianza kuuharibu yeye. Uvivu ulimfanya aandike kipande, na uongo ukamfanya akiite kizima. Jumanne, alipokuwa bado na ule uongo, hakuweza hata kunitazama usoni. Alipoutema, akafagia, akajifunza mpaka vidole vikatoka damu, ndipo akaweza kumbishia mwalimu wake, na afisa, mbele ya halaiki. Sikilizeni, watoto. Kubisha si kosa. Kosa ni kubisha ilhali umedanganya, au kubishia kazi ambayo hujaifanya. Ukiwa mkweli na umejifunza, bisha. Hata kama mbele yako yupo mtu mwenye mashine."

Afisa aliinamisha kichwa, akitabasamu.

"Na lingine," Bibi akasema. "Msije mkadhani wimbo sasa umepona kwa kuwa umeingia humo kwenye kisanduku. Kisanduku hakisuki. Anayeutaka aje kwangu Jumatatu, aje na mikono yake. Nyumba yangu mnaijua."

Afisa akaweka ukili uliofumuka mezani kwa uangalifu.

"Hata mimi, Bibi?"

"Wewe ndiye wa kwanza," Bibi akamjibu.